Pua ya Mama na Silensa ya Gari Langu

Siku mama aliponiambia gari langu linanuka petroli, nilimjibu vibaya. Tulikuwa tumekwama kwenye taa za Mnazi Mmoja, jua la saa saba linachoma bati, na injini inatetemeka kiasi kwamba kioo cha kati kilikuwa kinanionyesha kila gari la nyuma mara mbili. Mama alikuwa kiti cha mbele. Alivuta ncha ya kanga, akajiziba pua, akasema taratibu, "Mwanangu, gari yako inanuka petroli." Nikamwambia, "Mama, hiyo pua si ilishakufa?"

Sikukusudia ukatili. Nilikuwa na hasira na gari, na mtu mwenye hasira na gari hakosi wa kumtolea. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Mama hakusema neno jingine mpaka nilipomshusha Kariakoo, na hata pale alisema "ahsante" tu, vile anavyomwambia dereva wa teksi.

Ili uelewe uzito wa nilichosema, lazima ujue mama yangu alikuwa anaishi kwa nini. Alikuwa anaishi kwa pua. Miaka arobaini na zaidi aliuza udi, ubani na manukato katika kibanda kimoja kwenye uchochoro wa Kariakoo, katikati ya wauza vitenge na wauza ndoo za plastiki. Wenzake waliuza udi uliopikwa na wengine. Yeye aliupika mwenyewe nyumbani, kwa sukari na mafuta na vipande vya mti, na kila bibi harusi alikuwa na mchanganyiko wake. Watu walimletea kanga ya marehemu bibi yao, wakamwambia, "Tunataka udi kama huu." Ananusa pindo, anafumba macho, anataja kilichomo kimoja baada ya kingine. Nilikua nikiiona kazi hiyo hivi hivi tu, kama mtoto wa mwashi anavyoona ukuta.

Kisha akapatwa na mafua makali yaliyomlaza wiki mbili. Mwili ulipona, pua haikupona. Asubuhi moja alifungua kopo la karafuu akaniuliza kama zimeisha nguvu. Nilinusa, zikanipanda mpaka utosini. Alilifunika kopo polepole, akalirudisha kwenye rafu. Miezi mitano ilipita hivyo, anauza kwa kukumbuka na kwa kutazama rangi, mpaka siku alipopika udi wa harusi moja ya Ilala. Sukari iliungua chunguni naye amekaa pembeni ya jiko, hasikii kitu. Udi ule ulipochomwa chumbani kwa bibi harusi, nyumba nzima ilinuka sufuria iliyoungua. Walimrudishia mabaki kwa heshima, bila kumlaumu hata kidogo, na heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza.

Akaamua kuacha. Mwisho wa mwezi angemwachia kibanda binti mmoja muuza vipodozi wa uchochoro wa pili, aliyekuwa akikitamani siku nyingi. Sisi watoto tulikubali haraka haraka, tukamwambia ni vizuri apumzike. Hakuna aliyemuuliza kama amechoka.

Wiki moja baada ya uamuzi huo ndipo aliposikia petroli. Na hapa kulikuwa na tatizo jingine. Daktari alikuwa amemweleza, mbele yangu, kwamba pua iliyougua hudanganya: mtu anaweza kusikia moshi pasipo na moto, au uvundo katika chumba kisafi. Kwa hiyo harufu ya kwanza baada ya miezi mitano haikumfurahisha mama. Ilimtia hofu. Kesho yake aliniita jikoni, akanikalisha kwenye kigoda.

"Kama gari yako inavuja kweli," alisema, "pua yangu inarudi, na kibanda sikitoi. Kama haivuji, basi ndiyo ule uongo aliousema daktari, na yule binti nampa funguo. Nitafutie ukweli, mwanangu. Ukweli tu."

Sasa inabidi nikiri jambo ambalo hadi siku ile nilikuwa sijamwambia mtu. Gari langu ni saluni ya Kijapani ya zamani. Lilishuka bandarini kwetu likiwa tayari limechoka. Chini ya boneti lake kuna kopo jeusi la plastiki, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Petroli iliyo kwenye tenki hutoa mvuke muda wote, na kazi ya kopo hilo ni kuushika mvuke huo usitoke nje, kisha kuurudishia injini kidogo kidogo iuchome. Linaushika kwa mkaa uliojazwa ndani yake. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mkaa wa kopo langu umesagika na kopo jipya ni la kuagiza. Nami ni mwalimu wa kemia, miaka ishirini na saba. Nimewaambia watoto wa watu, chaki mkononi, kwamba mkaa hunyonya gesi. Nikajiuliza: nchi hii tumekosa mkaa?

Jumamosi moja nilikata kifuniko cha kopo kwa kisu, nikamwaga kilichokuwemo, nikaponda mkaa wa kupikia kwenye kinu, nikajaza, nikagandisha kifuniko kwa gundi. Nilijiona bingwa. Nilitamani hata wanafunzi wangu wangekuwepo waone. Siku chache baadaye gari likaanza kusumbua kwenye silensa, yaani pale linaposimama na injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Likiwa mwendoni halina neno. Likisimama tu, linatetemeka mpaka meno yanagongana. Je, nilijua? Nusu yangu ilijua. Nusu nyingine, ile yenye shahada, ilikataa katakata. Na mama alipotaja petroli, nusu yenye shahada ilipata pa kujifichia: pua ya mama ni mbovu, na kila mtu analijua hilo.

Nililipeleka gari kwa fundi jirani na shule. Sikumwambia habari ya kopo. Alichomeka mashine yake, akabadilisha plagi, akainamisha uso juu ya injini, akavuta hewa. "Hamna kitu hapa, mwalimu," akasema. Nikamletea mama jibu hilo kama lilivyo. Alitikisa kichwa mara moja. Siku iliyofuata nilimkuta anapanga chupa zake za manukato kwenye boksi, akiziviringisha gazeti moja moja. Niliona aibu, ila haikuwa aibu ya kutosha kunifanya niseme. Ilinitosha tu kutafuta fundi mwingine.

Huyu wa pili alikuwa nyuma ya soko la Mchikichini, kwenye uwanja mdogo ulioezekwa bati nusu, wapita njia wamebeba viatu vya mitumba shingoni. Mtu wa kusini, mwembamba, wa miaka arobaini na kitu, anayeongea kana kwamba maneno anayanunua. Nilimweleza mtetemo. Nikamweleza na harufu, kwa kuikejeli kidogo.

"Nani aliyeisikia?" akauliza.

"Mama yangu. Lakini ana matatizo ya pua."

"Wewe umeisikia?"

"Hapana. Na fundi wa kwanza hakuisikia."

Akacheka. "Fundi hawezi kuisikia, mwalimu. Mimi nanawa petroli tangu nina miaka kumi na saba. Kwangu mimi ni maji tu. Na wewe umeshaizoea, unashinda nayo humo ndani. Hapa kwangu hakuna pua hata moja ya kazi. Kamlete mama. Jaza tenki kabla ya kuja, halafu gari tutaiacha juani saa nzima."

Hilo la tenki nililielewa: petroli ikiwa nyingi na joto likiwa kali, mvuke husukuma kutafuta njia, na penye ufa lazima utoke. Hilo la mama sikulielewa. Sijawahi kuona mtu akiagizwa gereji kama spana.

Mama alikuja amevaa baibui lake la kwenda hospitali, kanga begani. Fundi alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," akamkalisha kivulini kwenye kiti kilichong'olewa kutoka gari fulani. Gari letu lilikuwa juani limezimwa. Muuza kahawa aliyekuwa anapita na jiko lake aliombwa ahamie ng'ambo ya barabara, akaondoka akinung'unika. Kisha fundi akachuchumaa mbele ya mama.

"Bibi, usinielewe vibaya. Sisi hapa kipimo tunakipima kwanza, ndiyo tunapimia gari. Hata geji ya upepo siiamini mpaka niijaribu. Naomba ufumbe macho."

Mama alifumba, akajifunga na kanga juu yake. Fundi akazunguka nyuma ya ukuta, akarudi na kitambaa kwenye kisahani, akakisogeza karibu na uso wake. Mama alinusa mara moja.

"Hii ya malori. Dizeli."

Fundi hakusema ndiyo wala hapana. Akaondoka, akarudi na kingine.

"Mafuta ya taa. Haya nimeyapikia miaka mingi, hayanipotei."

Cha tatu. Mama alinusa. Akanusa tena. Akasogeza uso mpaka pua ikagusa kitambaa, akavuta hewa ndefu. Nilitaka kumwambia fundi aache.

"Hiki sisikii kitu," mama akasema kwa sauti ndogo, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Hiki sisikii kitu kabisa."

"Ni maji, bibi," fundi akasema. "Hicho ni kitambaa cha maji matupu."

Akaleta cha nne, na kabla hakijafika usoni mama alishanyoosha kidole. "Hiyo! Hiyo ndiyo ya kwenye gari."

Ilikuwa petroli. Nimeshika mizani na vipimajoto maisha yangu yote, nimesahihisha maelfu ya majaribio ya maabara, na sikuwahi kuona chombo kinachojibu hivi, chenye ujasiri wa kusema hapana kitu pale pasipo na kitu, hata kama jibu hilo linakivunja moyo chenyewe. Mama yangu wa miaka sabini na nane, macho yamefungwa kanga, kwenye kiti cha gari bovu. Nilimtazama kama namwona kwa mara ya kwanza.

"Kipimo kizima," fundi akasema. "Haya, bibi, twende kazini."

Walianzia nyuma, kwenye mfuniko wa tenki. Mama alinusa akasema hapana. Wakasogea ubavuni, hapana. Chini ya mlango wa dereva, hapana. Walipofika mbele akasimama. "Hapa kidogo." Fundi akainua boneti. Mama akakunja baibui, akainama juu ya ule msitu wa waya na mipira kana kwamba anainamia chungu chake, akapitisha uso taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Akaweka kiganja juu ya kopo jeusi.

"Hapa. Na kuna kitu kingine humu. Kuna mkaa."

"Mkaa, bibi?" Fundi alimtazama. "Ni kweli, humo huwa na mkaa. Ila ule wa humo hauna harufu."

"Huu unayo. Umelowa."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Fundi hakubisha, ila hakuridhika na ushahidi wa upande mmoja. Alimrudisha mama kivulini, akaacha boneti wazi upepo upite, kisha akawasha injini. Ikaanza ngoma yake, spana iliyosahaulika juu ya betri inagongagonga. Akachukua koleo aliloliviringisha kitambaa ili lisikate mipira, akafumba macho yake naye, akaanza. Anabana mpira mmoja, anasikiliza, anaachia. Anabana wa pili, anasikiliza. Alikuwa anatafuta mahali injini inapovuta hewa isiyoruhusiwa, kwa sababu injini iliyo kwenye silensa hula hewa kidogo sana, na ikiibiwa au ikiongezewa kinyemela inapoteza mizani. Wa tatu. Wa nne. Alipobana mpira mwembamba wa tano, injini ikatulia.

Sijui niieleze vipi. Kelele haikuzimika, ilikaa sawa. Spana iliacha kugonga. Muuza viatu aliyekuwa anapita alisimama akageuka kutazama ni nini kimenyamaza. Fundi akaachia, ngoma ikarudi. Akabana, ikatulia. Bila kufumbua macho, akaufuata ule mpira kwa vidole, polepole, mpaka ulipoanzia. Ulianzia kwenye kopo jeusi.

Hawakuwa wameigana hawa wawili. Mmoja amekuja kwa harufu, mwingine amekuja kwa mtetemo, na mikono yao imefika mahali pamoja, alama ya vumbi ya kiganja cha mama bado inaonekana juu ya plastiki. Mimi mwenye shahada ndiye peke yangu sikuwa nimefika popote. Nilisema "Subhanallah" kwa sauti, na nilimaanisha.

Fundi alizima injini, akalitoa kopo, akaliinua kwenye mwanga. Akaona gundi. Kifuniko kilikuwa kimepasuka upande mmoja, ufa mwembamba wa kuingiza ukucha.

"Nani kalifungua hili?"

Akaking'oa kifuniko, akamimina kilichomo juu ya gazeti. Mabonge, vumbi, na kijiti kimoja ambacho hakikuwa kimeiva vizuri. Kisha akachukua vali ndogo iliyokuwa mwisho wa mpira ule, inayofungua na kufunga njia ya mvuke kwenda kwenye injini, akaigonga kiganjani. Unga mweusi ukamwagika. Chembe zilikuwa zimekwama ndani, vali haifungi tena.

"Mkaa wa kazi hii unatengenezwa kivyake," alisema kwa upole, hakumtazama mtu. "Chembe zake ngumu, na zina matundu madogo madogo ya kushikia mvuke. Huu ni wa kupikia. Mvuke haushiki, unapitia kwenye ufa. Vumbi lake nalo limekwenda kukaba vali, injini inakunywa hewa hovyo. Ugonjwa mmoja, bibi, dalili mbili."

Mama aliokota bonge, akalinusa. Hakuharakisha. "Huu umetoka kwenye gunia langu," akasema. "Lililonyeshewa pale uani."

"Ni mimi, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyeuweka."

Nilitegemea acheke. Jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, na fundi alikuwa ameshageuka pembeni kuficha meno yake. Nilikuwa nimejiandaa kutaniwa mpaka Idi. Lakini mama aliniangalia, bonge la mkaa bado mkononi, na uso wake ukabadilika taratibu, kadiri alivyokuwa anahesabu siku kichwani.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Nilipokwambia pale kwenye taa, ulijua."

"Nilihisi."

"Ukaniona nafunga chupa zangu kwenye magazeti."

Nimewahi kuhukumiwa na wakuu wa shule na wakaguzi, lakini hakuna kilichowahi kuniingia kama sentensi ile. Mama alikaa kwenye kile kiti kilichong'olewa, akafunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia kwa ajili yangu. Nikapiga magoti kwenye oili, nikamshika miguu. Alipofunua uso machozi yalikuwa yanamtiririka kweli, lakini alikuwa ananusa. Ananusa viganja vyake vilivyochafuka mkaa, ananusa kanga, ananusa hewa ya uwanja ule wa gereji, kwa pumzi fupi fupi, kama mtu anayekunywa.

"Hapa pananuka mpira," akasema akilia. "Na viatu. Pananuka viatu vya watu."

Fundi akasema ana kopo zima na vali yake kwenye gari lililokatwa spea, atavifunga kabla ya adhuhuri, gari litakaa silensa bila wasiwasi. Mama akamshukuru, akamwombea dua ndefu. Kisha akanigeukia.

"Wewe usisubiri gari. Nenda Kariakoo, kwa yule binti. Mwambie kibanda hakitoki. Na akikuuliza kwa nini, mwambie kwa nini."

Nilikwenda kwa miguu, suruali ina oili magotini. Nilimkuta binti amesimama mbele ya duka lake, majirani zake wamekaa kwenye stuli wanachambua mchele. Nikampa salamu ya mama, nikamwambia kibanda hakitoki. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Kwani imekuwaje, mwalimu? Si mlisema mama hasikii harufu tena?"

Wachambua mchele wakainua vichwa. Nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi stuli ya mwisho, kwamba mama yangu alikuwa anasikia, na kwamba mimi niliyemwambia hasikii, nilikuwa najua.